Kufunga kisu cha kukunja chenye komeo bila kujikata

Hatari ya kisu cha kukunja chenye komeo iko zaidi kwenye kukifunga. Ukishaachia komeo, makali yanarudi kwenye mfereji wa mpini, na huko ndiko vidole hujikunjia vyenyewe mtu anaposhika kitu. Kanuni ni moja kwa visu vyote hivi: kazi ya kufunga igawe mara mbili. Kwanza achia komeo na usogeze bapa kidogo tu. Tulia, toa kila kidole njiani, ndipo ukunje hadi mwisho. Anayefanya yote kwa mwendo mmoja ndiye anayejikata.

Katika maelezo haya, bapa ni chuma chenyewe chenye makali. Mgongo ni ukingo wake butu. Shina ni ile sehemu nene isiyonolewa inayozunguka kwenye skrubu ndani ya mpini.

Futa mikono na mpini mpaka vikauke, hasa baada ya kukata nyama, samaki au matunda. Kama ndiyo kwanza unajifunza, funika makali kwa tabaka mbili za tepu ya karatasi na urudie zoezi polepole mara 20 au 30. Usikifunge kisu kwa kukisukuma pajani, wala kwa kutikisa mkono ili bapa lianguke lenyewe.

Komeo la bamba

Hili linahitaji uangalifu kuliko mengine, kwa sababu kidole gumba hakina budi kukaa kwenye njia ya bapa kwa muda mfupi. Ndani ya mpini kuna bamba jembamba lililopindwa kama springi. Kisu kikifunguka, bamba hujisogeza na kukingama nyuma ya shina.

1. Shika mpini kwa mkono wa kulia, mfereji ukitazama juu na ncha ikielekea mbali na mwili. Vidole vinne vilale kwenye ubavu wa mpini, ncha zake zisivuke ukingo wa mfereji.
2. Kwa kidole gumba, sukuma bamba pembeni mpaka liachane kabisa na shina.
3. Kwa mkono wa kushoto, sukuma mgongo wa bapa litembee takriban nyuzi 20. Shina sasa limelipita bamba, na bamba haliwezi tena kurudi mahali pake.
4. Tulia. Toa kidole gumba kwenye mfereji, ukiangalia kwa macho kwamba kimetoka.
5. Sukuma mgongo hadi usikie mlio mdogo. Huo ni mlio wa gololi ya kwenye bamba ikiingia kwenye kishimo cha bapa. Usipousikia, kisu hakijafungika sawasawa na kinaweza kufunguka mfukoni.

Kosa kubwa hapa ni kuanza kusukuma bapa kabla ya kuachia bamba. Shina hulibana bamba, kidole gumba kinaongeza nguvu, kisha bamba linaachia ghafla na bapa linakuja kwa kasi. Bamba likigoma, fanya kinyume: sukuma bapa kidogo kuelekea upande wa kufunguka ili mbano uondoke, ndipo usogeze bamba. Likiendelea kunata kila mara, paka risasi ya penseli pale bamba linapogusana na shina. Usilichokonoe kwa bisibisi.

Anayetumia mkono wa kushoto asilazimishe kidole gumba, maana visu vingi vya aina hii vimetengenezwa kwa mkono wa kulia. Yeye asukume bamba kwa kidole cha shahada.

Kuna visu ambavyo bamba hilo ndilo ubavu wenyewe wa mpini. Hatua ni zilezile, ila vidole vingine visilibonyeze kutoka nje, kwa kuwa vinalirudisha ndani wakati gumba linalitoa.

Komeo la mgongoni

Hapa kibonyezo kiko kwenye mgongo wa mpini. Kwa kidole gumba cha mkono ulioshika mpini, kibonyeze hadi mwisho, vidole vingine vikiwa pembeni. Mkono wa pili ulibane bapa kwenye pande zake mbili, karibu na mgongo, na ulikunje. Tumia mikono miwili, maana springi yake ni kali na huvuta bapa kwa nguvu kuelekea mwisho; usiliachie kabla halijatulia ndani.

Kitufe au kijiti cha kukingama

Kwa kitufe unabonyeza. Kwa kijiti unakivuta nyuma kwa gumba na kidole cha shahada, kimoja kila upande. Vidole hivyo haviko njiani, na ndiyo maana watu hujiamini kupita kiasi. Bapa likishaachiwa linaweza kuanguka lenyewe, hasa skrubu ikiwa imelegea au imetiwa mafuta, na kidole cha kati kilichojikunja chini ndicho kinachopigwa. Lishike bapa mpaka mwisho. Kisu chenye springi ya kusaidia kufungua nacho hakiachiwi katikati, kwani springi itakirusha wazi.

Komeo la pete

Hapa komeo ni pete ya chuma yenye mwanya, iliyozunguka mpini pale bapa linapoanzia. Visu vingi vya Opinel vya Ufaransa vina pete hii tangu 1955. Zungusha pete mpaka mwanya wake ulingane na mfereji, kunja bapa kwa kulishika mgongoni, kisha zungusha pete tena kama yako ni ya aina inayofunga hata bapa likiwa ndani. Mpini wa mbao ukilowa huvimba na kubana bapa katikati ya njia. Usiligandamize, kirudishe kisu wazi, ufunge pete, na ukiache mpini ukauke kivulini kabla ya kujaribu tena.