Kuunda modeli ya Seehund kwa kipimo cha 1:25, kwa vifaa vinavyopatikana Dodoma

Seehund, au Aina ya XXVII B, ni nyambizi ya Kijerumani ya watu wawili iliyoanza kazi Januari 1945 ikitokea bandari ya IJmuiden, Uholanzi. Zilikamilishwa 285. Urefu wake ni karibu mita 11.9, upana mita 1.7, na uzito kama tani 17. Nyambizi kubwa hufyatua topido kupitia mirija iliyo ndani ya chombo. Hii haina mirija. Topido zake mbili hubebwa nje, chini ya tumbo, moja kila upande wa mkuku. Ndiyo maana ujenzi unaanza na topido. Zikiwa sahihi, unapata kitu cha kupimia sehemu nyingine zote. Zikiwa nene mno, chombo kizima kitaonekana kifupi hata ukikipaka rangi kwa ustadi mkubwa.

Kipimo cha 1:25 tumekichagua kwa sababu mbili. Hesabu ni nyepesi: kila mita moja ni milimita 40. Chombo kinakuwa na urefu wa milimita 476 na upana wa 68. Sababu ya pili ni bomba. Topido ya G7e, aina iliyobebwa na Seehund, ina kipenyo cha sentimita 53.3, yaani milimita 21.3 kwenye modeli, na bomba la PVC la kupitishia waya za umeme lina kipenyo cha nje cha milimita 20. Tofauti hiyo inazibwa na karatasi.

Kata bomba vipande viwili vya milimita 290, kisha upunguze kufuata mchoro wa nyambizi wa kipimo hiki. Piga msasa namba 240 hadi mng'ao uishe, la sivyo gundi haitashika. Viringisha karatasi mbili za kawaida za A4 kwa kila bomba, upande mrefu wa karatasi ukifuata urefu wa bomba, ya pili ikianzia pale ya kwanza ilipoishia. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo. Utapata mizunguko sita na ushee, na kipenyo kitafika 21.3. Pima kwa kalipa kila mzunguko, maana gundi ikiwa nzito inaongeza unene wake.

Pua na mkia vichongwe kwa mti. Funga skrubu katikati ya kipande cha mti, kata kichwa chake, bana skrubu kwenye drili, kisha chonga kwa tupa na msasa kikiwa kinazunguka. Acha kishina kinachoingia ndani ya bomba kwa kubana. Mkiani kuna mapezi manne yaliyokaa kwa umbo la msalaba, na nyuma yake rafadha mbili zinazozunguka kinyume, kila moja na panga mbili. Bati la kopo la maziwa ya unga linatosha. Panga za rafadha ya mbele zisielekee sawa na za nyuma.

Sasa mwili. Mchoro uchapishwe sehemu ya nakala kwenye karatasi kubwa, au A3 mbili zilizounganishwa, kwa sababu A3 moja ina milimita 420 tu. Kabla ya kuukata, pima urefu na upana. Mashine za nakala mara nyingi huvuta upande mmoja, na kosa la asilimia mbili ni karibu milimita 10 kwenye urefu huu.

Usitumie gogo moja la msonobari. Mbao nyingi huuzwa zikiwa bado na maji, na ukame wa Dodoma kati ya Juni na Novemba huzipasua katikati ya kazi. Omba vipande vya MDF (ubao wa nyuzi za mti zilizogandamizwa kwa gundi) ya milimita 18 vilivyobaki kwa mafundi wa makabati. Vinne vikisimamishwa kando kwa kando vinatoa upana wa 72, kwa hiyo unabaki na milimita mbili za kuchonga kila upande. Faida kubwa ni kwamba kiungo cha katikati ndicho mstari wa katikati wa chombo, na hakifutiki hata uchonge kiasi gani. Hewa kavu huifanya gundi nyeupe ishike utando upesi, basi paka kiungo kimoja, bana kwa klampu, uache usiku kucha, kisha endelea na kingine.

Weka alama kumi kwa umbali sawa kutoka omo hadi tezi. Kila alama ikatiwe kigezo cha kadibodi ngumu kutoka kwenye mchoro, nusu ya umbo tu, ili kigezo kilekile kipime kushoto na kulia. Chonga kwanza umbo la kutazama kutoka juu, kisha la ubavuni, ndipo uzungushe kona. Anayeanza na kona hupoteza mstari wa katikati na kupata chombo kilichopinda. Fundi mwangalifu huhama upande kila baada ya mikato michache. Vaa barakoa: vumbi la MDF linaumiza mapafu.

Mabonde yazibwe kwa puti ya magari. Mchana wa joto puti huganda haraka, hivyo punguza kigandishi na uchanganye kiasi cha kijiko tu.

Mnara mdogo una kuba ya plastiki angavu. Chonga umbo lake kwa mti, uliingize ndani ya chupa ya maji, kisha pasha moto polepole. Chupa itajikunja na kulibana umbo. Kata kwa wembe. Bandika kuba kwa gundi nyeupe, kwa kuwa supa gluu huacha ukungu mweupe usiotoka. Supa gluu yenyewe hushika kwa msaada wa unyevu wa hewa. Wakati wa kiangazi pulizia kiungo pumzi kabla ya kubana. Periskopu ni spoku ya baiskeli, urefu unaoonekana ukipimwa kwenye mchoro.

Kabla ya rangi, toboa matundu ya skrubu za kushikia topido na uzijaribishe. Topido zote mbili zilale sambamba, zikitazamwa kutoka mbele na kutoka chini.

Rangi ni kijivu, ikiongezwa nyeupe kidogo. Paka alfajiri kabla upepo haujainuka, nyunyizia sakafu maji, na ufunike kazi kwa boksi. Ukitumia spreyi, simama sentimita 15 hadi 20. Ukiwa mbali zaidi, tina hupotea hewani na rangi hutua ikiwa imekauka, uso ukawa na chengachenga. Tabaka tatu nyepesi zinatosha. Usipulize rangi ya magari juu ya rangi ya mafuta: tina yake kali huivimbisha ya chini na kuikunja, na hapo hakuna dawa ila kukwangua hadi kwenye puti. Topido zipakwe peke yake, zifungwe baada ya rangi ya mafuta kukauka wiki nzima.