Kutoboa grini masika yanapoingia: mwongozo kwa viwanja vidogo vya gofu

Ulaya na Amerika Kaskazini, watunza viwanja vya gofu hutoboa grini, yaani matundu mengi madogo ya kupitisha hewa na maji kwenye sehemu ya majani mafupi yenye shimo, majira ya kuchipua, kwa sababu ndipo majani yao yanapoamka baada ya baridi. Kwetu Afrika Mashariki hakuna theluji ya kuyeyuka. Kinachoamsha ukoka ni mvua, na masika huingia Machi hadi Mei, miezi ileile ya majira yao. Basi kalenda inafanana, ila sababu ni nyingine, na anayeifuata bila kuielewa sababu hiyo hujikuta ametoboa mapema mno, udongo ukiwa mkavu kama tofali, au amechelewa hadi matundu yanakaa wazi mpaka Agosti.

Mwongozo huu ni wa klabu za mashimo 9 au 18 zenye grini za ukoka, bajeti ndogo, na pengine mashine ya kukodi au hakuna kabisa. Mahesabu yote hapa ni ya grini moja ya mita za mraba 500. Yako ikiwa kubwa au ndogo, ongeza au punguza kwa uwiano.

Hatua ya 1: Chagua wiki

Swali ni moja tu: baada ya kutoboa, je, ukoka utakuwa na wiki tatu za joto na unyevu ili uzibe matundu? Ukoka hupenda joto, na hali ikishuka kuelekea nyuzi 15 za selisiasi huacha kukua. Nairobi, Limuru na nyanda nyingine za juu hupoa kuanzia Juni hadi Agosti. Huko kazi ifanyike kati ya katikati ya Machi na mwanzo wa Aprili, mara mvua za kwanza zinapolainisha udongo, na isipite mwisho wa Aprili. Pwani joto lipo mwaka mzima, tatizo ni mafuriko ya Aprili na Mei yanayosomba mchanga kabla haujakaa. Pwani toboa mapema, hata mwisho wa Februari kama maji ya kumwagilia yapo, au subiri masika yapungue.

Angalia pia ratiba ya mashindano. Grini iliyotobolewa haifai kwa mashindano kwa wiki tatu, na kapteni anayeambiwa hivyo siku mbili kabla ya kombe hatakusamehe.

Hatua ya 2: Pima kama grini inahitaji

Chukua bisibisi ndefu ujaribu kuichomeka kwa mkono siku moja baada ya mvua. Ikigoma kwenye sentimita 5, udongo umeshindiliwa. Kisha kata kipande cha kina cha sentimita 10 kwa kisu kirefu, ukilaze kwenye kiganja, ukiangalie ubavuni. Juu kuna majani mabichi. Chini yake kuna mkeka wa rangi ya kahawia, unaobonyea kama sponji: hayo ni mashina na mizizi iliyokufa na haijaoza. Chini zaidi ni mchanga au udongo. Mkeka ukizidi milimita 12, maji yanakaa humo na mizizi haishuki tena. Ukiona mstari mweusi wenye harufu ya yai bovu, hewa imekwisha kabisa huko chini, na grini hiyo iwe ya kwanza kwenye orodha.

Kipande kimoja hakitoshi. Kata vitatu: katikati, pembeni, na mahali watu wanapopita kwenda kwenye ti (mahali pa kupigia mpira wa kwanza) inayofuata, maana miguu hushindilia sana hapo.

Hatua ya 3: Tafuta mchanga, na uukatae ulio mbaya

Kazi nyingi za kutoboa huharibikia hapa. Mchanga wa kufaa ni ule ambao angalau asilimia 60 ya chembe zake ziko kati ya milimita 0.25 na 1. Vumbi na udongo wa mfinyanzi viwe kidogo sana. Mchanga wa kujengea unaouzwa barabarani mara nyingi una kokoto na tope kwa pamoja: kokoto zinavunja visu vya mashine ya kukata, na tope linaziba kilekile ulichokuja kuzibua. Mchanga wa ufukweni uache, una chumvi na vipande vya makombe. Mchanga wa mto ulioshwa na kuchekechwa kwa wavu wa milimita 2 ndio unaofaa klabu nyingi.

Kama hakuna maabara karibu, tumia chupa ya kioo iliyonyooka. Tia mchanga hadi sentimita 10, jaza maji, ongeza tone la sabuni, tikisa dakika mbili, uiache hadi kesho yake. Tope litatulia juu ya mchanga. Likizidi milimita 5, rudisha lori.

Ukipata mchanga mzuri, shikamana na machimbo hayohayo mwaka baada ya mwaka. Mchanga laini ukiwekwa juu ya mchanga mkubwa, maji husimama kwenye mpaka wa matabaka hayo mawili, na mizizi husimama nayo.

Kiasi: meno ya bomba, yaani yenye uwazi ndani yanayong'oa udongo, ya upana wa milimita 12, yakitoboa kila sentimita 5 kwa kina cha sentimita 8, hutoa matundu 400 kwa mita ya mraba. Kuyajaza kunahitaji lita 3.6 kwa mita ya mraba, yaani mita za ujazo 1.8 kwa grini nzima. Ongeza mita 1 ya ujazo ya kutandaza juu kwa unene wa milimita 2. Jumla 2.8, zaidi kidogo ya tani 4, au toroli 47 za lita 60. Kwa grini tisa ni lori la tani 7 mara sita. Lete mchanga huo Februari, ukiwa mkavu, uufunike kwa turubai. Mchanga uliolowa hauingii tunduni hata ukiubembeleza.

Hatua ya 4: Lisha kabla

Siku saba kabla, mwaga mbolea ya CAN yenye naitrojeni asilimia 26, kilo 5 kwa grini, majani yakiwa makavu, kisha mwagilia papo hapo. Chembe zinazonasa kwenye majani mabichi huyachoma na kuacha madoa ya manjano. Kilo 5 nyingine utazimwaga siku kumi baada ya kazi. Usizitie zote kilo 10 kwa mara moja ukidhani utaharakisha. Kwenye mvua kubwa nusu yake itaishia mferejini.

Hatua ya 5: Tangaza

Tangazo linapunguza nusu ya manung'uniko. Libandikwe wiki mbili kabla, kwenye ubao wa klabu, kwenye kundi la simu na kwenye banda la makedi, wale wanaowabebea wachezaji mifuko. Banda la makedi lisisahaulike, maana wao ndio watakaoulizwa uwanjani. Mfano wa klabu iliyokodi mashine:

KWA WANACHAMA, WAGENI NA MAKEDI. Grini za shimo la 1 hadi la 5 zitatobolewa Jumatatu na Jumanne ijayo. La 6 hadi la 9, siku hizohizo wiki itakayofuata. Siku za kazi tutacheza kwenye grini za muda zenye bendera nyeupe. Mchanga utaonekana kwa siku kumi hivi, na grini zitarudi hali yake baada ya wiki tatu. Mpira ukilala ndani ya tundu la kutoboa au ukiligusa, unaweza kuuhamisha bila adhabu. Tundu lililo mbele ya mpira, kwenye njia yake, halikupi ruhusa hiyo.

Maneno hayo ya mwisho yanatokana na Kanuni ya Mfano E-4 ya R&A na USGA, mashirika yanayotunga kanuni za gofu, na haifanyi kazi mpaka kamati iitangaze. Bila tangazo, matundu ya kutoboa si eneo la matengenezo, na mchezaji hana nafuu yoyote. Tena haruhusiwi kuyaziba kwa kidole au kwa uma wake wa kurekebishia alama za mpira, kwa sababu kanuni hazihesabu kazi ya kawaida ya matunzo kuwa uharibifu wa grini.

Hatua ya 6: Toboa

Jana yake mwagilia kama mvua haikunyesha. Finyanga donge la udongo kiganjani: likishikana bila kutoa maji, uko tayari. Likimeguka kama unga, meno yatanyanyua majani badala ya kupenya. Likichuruza maji, ukuta wa kila tundu utasiribwa kama chungu na maji hayatapita. Asubuhi kata majani, yakauke, kisha weka vibendera kwenye kila kichwa cha kumwagilia. Kichwa kimoja kikivunjika hugharimu kuliko siku nzima ya kukodi mashine.

Kwa mashine, jaribu kwanza nje ya grini, upime kina kwa rula ndani ya tundu lenyewe, usitegemee namba iliyoandikwa kwenye rinchi ya kurekebishia. Meno huisha: jino lililopungua sentimita 2 hutoboa sentimita 6 huku fundi akiamini ni 8. Pinda ukiwa nje ya grini, meno yakiwa yameinuliwa. Kagua bomba za mafuta kabla ya kuingia. Tone la mafuta ya moto huacha mstari mfu utakaoonekana miezi miwili.

Kama hakuna mashine, uma wa mkono wenye meno manne ya bomba, yaliyopishana sentimita 7.5, unafanya kazi nzuri. Matundu yatakuwa 178 kwa mita ya mraba, karibu 89,000 kwa grini, sawa na kukanyaga uma mara 22,000. Watu wanne wakikanyaga mara 15 kwa dakika humaliza kwa saa sita na ushei, na wapumzike kila nusu saa. Mchanga wa kujazia hushuka hadi mita za ujazo 0.8, bila kuhesabu wa kutandaza juu. Vuta kamba mbili za kuongoza mistari, la sivyo ifikapo saa sita mchana kila mtu atakuwa na mstari wake.

Hatua ya 7: Ondoa vishumaa

Udongo uliotoka unafanana na vishumaa vilivyozimwa, umelala kila mahali. Usiukanyage. Kama jua lipo, uache saa moja ukauke juu juu, kisha usukume kwa ubao mpana au koleo la bapa hadi pembeni. Wingu likikusanyika, acha kila kitu uuondoe sasa, maana mvua ikiukuta utageuka uji, na uji huo utarudi tunduni. Vishumaa safi vyenye mashina vipandwe kwenye kitalu au kwenye viraka vya ti. Vyenye majani ya kikuyu usivirudishe popote karibu na grini. Kwenye feawei (njia ya majani kati ya ti na grini) za nyanda za juu kikuyu ni mali, lakini kwenye grini ni gugu linalotambaa kuliko ukoka.

Hatua ya 8: Jaza

Tandaza mchanga mkavu juu ya majani makavu, kwa koleo la kurusha au mashine ya kutandazia. Kisha buruta zulia kuukuu lililogeuzwa upande wa nyuma, mara mbili: kwenda na kurudi, halafu kwa kukata msalaba. Malizia kwa ufagio mgumu wa kusukuma. Ufagio wa chelewa haufai, huchota mchanga na kuurusha pembeni.

Sasa hakikisha. Chagua matundu kumi bila mpangilio, chomeka kijiti cha mshikaki. Kikizama, juu kuna kifuniko cha mchanga na chini utupu: mchanga ulikuwa na unyevu, ukanasa mdomoni. Buruta tena. Tundu lisilojaa hujifunga kwa juu na kuacha shimo la ndani, na baada ya mwezi grini inakuwa na vijibonde ambavyo hakuna roli litakaloviondoa.

Hatua ya 9: Wiki tatu zinazofuata

Mwagilia kidogo kidogo siku tatu za kwanza, kwa sababu mchanga hukauka upesi kuliko udongo uliouondoa. Pitisha roli jepesi mara moja. Kukata kuanze siku ya nne au ya tano, kwa visu vikuukuu, maana mchanga huvila. Visu vipya viwekwe wiki ya pili. Kama ulikuwa unakata kwa milimita 4, panda hadi 6, kisha shuka nusu milimita kila siku tatu.

Hamisha kikombe kila siku grini inapochezwa. Upana wa shimo ni milimita 108 na kina kisipungue 101.6, na kikombe kizame angalau milimita 25.4 chini ya uso. Kingo za shimo kwenye grini iliyotobolewa hubomoka haraka, kwa hiyo mwagia maji kidogo kabla ya kukata, na ukate polepole.

Mvua zikishika kasi, kuwa macho na viwavijeshi. Hutokea baada ya mvua za kwanza na hupenda ukoka mchanga ulionenepeshwa kwa mbolea, yaani ule ulioutayarisha. Ndege wengi wakidonoa grini asubuhi, changanya vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na lita 4 za maji, umwage kwenye mita moja ya mraba. Viwavi wakiwepo watapanda juu ndani ya dakika kumi. Rudia kwenye grini tatu tofauti kabla ya kunyunyiza dawa yoyote, na upige dawa jioni, wakati wanapotoka kula.