Jinsi ya kumweleza mgonjwa hatari ya matibabu bila kumsukuma

Kazi yangu ni kuhariri vipeperushi anavyopewa mgonjwa kabla ya kukubali dawa au upasuaji. Takwimu hunifikia zikiwa sahihi. Kinachonishughulisha ni zilivyosemwa, maana hapo ndipo mtu huamuliwa na sentensi akidhani ameamua mwenyewe.

Anza kwa kugeuza kila sentensi. Umeandika "wagonjwa 90 kati ya 100 huvuka salama"? Weka chini yake "10 kati ya 100 hufariki". Hesabu ni ileile, lakini haisikiki vilevile. Mwaka 1982 mtafiti Barbara McNeil na wenzake waliwauliza watu wachague upasuaji au mionzi kwa saratani ya mapafu. Takwimu zilipotajwa kwa idadi ya wanaoishi, upasuaji ulipendwa zaidi kuliko zilipotajwa kwa idadi ya wanaokufa, na hata madaktari waliyumba hivyohivyo. Kwa hiyo mimi huacha sentensi zote mbili. Nikiambiwa ninajirudia, sizifuti.

Kisha tafuta "mara mbili", "nusu" na asilimia zinazoelea bila kusema ni za watu wangapi. Hapa usiwe na haraka. Oktoba 1995, Uingereza, mamlaka ya usalama wa dawa ilitahadharisha kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango ziliongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, zikilinganishwa na vidonge vya awali. Ilikuwa kweli: kutoka mwanamke 1 hivi kati ya 7,000 hadi 2. Wengi walisikia "maradufu" wakaacha vidonge, na baada ya hapo utoaji mimba uliongezeka kwa maelfu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ujauzito wenyewe huleta hatari kubwa ya damu kuganda kuliko vile vidonge. Ukikutana na "maradufu", basi, uliza: maradufu ya ngapi? Andika idadi ya wasiotumia dawa kwanza, halafu ya wanaotumia, kwa idadi ileile ya watu, kama hao 7,000. Usilinganishe "1 kati ya 40" na "1 kati ya 200", kwani msomaji aliyechoka ataona 200 ndiyo kubwa. Sema 25 kati ya 1,000, na 5 kati ya 1,000.

Vineno vidogo navyo vikaguliwe. "Wanne tu hupata madhara" imeshamtuliza mtu. "Hata wanne" imeshamtisha. Andika "wanne".

Mwishoni mpe rasimu mtu asiyehusika na matibabu hayo, aisome, kisha aifunike na kukueleza kwa maneno yake. Usimuulize kama ameelewa, atakujibu ndiyo kwa heshima. Akikutajia idadi za pande zote mbili, ichapishe. Akisema "kumbe haina shida" au "mimi siigusi", muulize ni mstari gani uliompa jibu hilo, na uuandike upya huo.