Siku tatu Nairobi kwa maili na pointi: mwongozo wa wawili wanaotoka Lubumbashi

Marekani benki humpa mteja kadi ya mkopo na kumjazia maelfu ya maili, yaani pointi za zawadi za kampuni za ndege zinazobadilishwa kuwa tiketi, akishatumia kiasi fulani cha pesa. Kadi za Visa za benki zetu, nyingi zikiwa za kujaza pesa kwanza, hazina zawadi kubwa namna hiyo, kwa hiyo video zinazofundisha njia hiyo ziacheni. Kwetu maili zinatoka kwenye viti mlivyokalia na vitanda mlivyolalia. Na Lubumbashi ni mji wa watu wanaokalia viti: mama anayepita Addis Ababa kwenda kununua mali Dubai au Guangzhou, fundi wa mgodi anayetumwa Johannesburg, mhasibu anayelala hotelini kila kikao cha kampuni. Maili ni za yule aliyesafiri, hata kama tiketi imelipwa na mwajiri. Wengi wanazipoteza kwa sababu moja tu: hawakuandika namba yao ya uanachama wa mpango wa maili walipokata tiketi.

Anzeni na ndege zinazotua Luano, uwanja wa Lubumbashi

Msichague mpango kwa sababu ya tangazo zuri. Angalieni ndege mnazopanda kweli. Ethiopian Airlines ina mpango wa ShebaMiles na iko ndani ya muungano wa Star Alliance. South African Airways nayo iko Star Alliance. Maana yake, safari ya Addis na safari ya Johannesburg zinaweza kuingia akaunti moja, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wanafungua akaunti kwa kila kampuni, kisha wanabaki na maili 6,000 hapa na 4,000 pale, zisizotosha hata nusu ya tiketi. Kenya Airways iko muungano mwingine, SkyTeam, na mpango wake unaitwa Asante Rewards. Ikiwa safari zenu zinapita Nairobi zaidi, wekeni zote huko.

Kila mmoja wenu afungue akaunti yake, kwa kuwa maili za mke haziwezi kuingia kwenye namba ya mume. Lakini siku ya kutumia, mmoja anaweza kutoa tiketi za wote wawili. Mipango mingine inadai majina ya watu utakaowapa tiketi yaandikishwe mapema, kwa hiyo mwandikishane wiki ileile mnayofungua akaunti.

Someni pia herufi ya daraja la nauli kwenye tiketi. Kutoka Lubumbashi hadi Addis ni umbali wa kama maili 1,600. Kwa mpango unaohesabu umbali, daraja linalolipa asilimia 100 litakupa maili 1,600. Linalolipa asilimia 25 litakupa 400. Tiketi mbili za ndege moja zinaweza kuachana hivyo kwa tofauti ya dola 30. Mwambie mtu wa ajansi akutajie herufi kabla hujalipa.

Jina: hapa ndipo maili hufia

Sisi tuna jina, postnom (jina la pili) na prénom (jina la kwanza, kama la ubatizo). Fomu ya kampuni ya ndege ina nafasi mbili tu. Mtu anafungua akaunti kwa prénom na jina, ajansi inakata tiketi kwa jina na postnom, na mashine inaona watu wawili tofauti. Maili haziingii, na hakuna anayekupigia simu kukuambia.

Dawa yake iko chini ya ukurasa wa picha kwenye pasipoti, kwenye ile mistari miwili yenye alama nyingi za <. Kwenye mstari wa kwanza, kilichoandikwa baada ya herufi COD na kabla ya << ya kwanza ni jina la ukoo. Kinachofuata ni majina mengine. Nakilini hivyo hivyo, herufi kwa herufi, kwenye akaunti, kwenye tiketi, na kwenye hoteli. Mke asijiandikishe kwa jina la mume kama pasipoti bado ina jina la kwao, hata kama mtaa mzima unamwita Madame Fulani.

Hesabu kabla ya kufurahi

Tiketi ya maili si ya bure. Mtalipa kodi na ada kwa pesa, na kwenye safari fupi za Afrika ada hizo zinauma. Chukueni bei ya kawaida ya tiketi, toeni ada mtakazolipa kwenye tiketi ya maili, kisha mgawanye kinachobaki kwa idadi ya maili.

Tuseme kwenda na kurudi ni dola 600. Kwa maili wanataka 25,000 na dola 180. Mmeokoa dola 420. Gawanya kwa 25,000, kila maili imewapa senti 1.68. Hiyo ni nzuri, chukueni. Lakini ikiwa bei ya kawaida imeshuka hadi 380 na ada ni zile zile, kila maili inawapa senti 0.8. Hapo lipeni makuta, mtunze maili kwa Desemba, wakati bei zinapanda. Mpaka wetu ni senti 1: chini yake, maili zilale.

Kwenye hoteli za kundi la Accor hesabu ni fupi, kwa sababu thamani haipandi wala kushuka: pointi 2,000 ni euro 40 kwenye bili, basi. Faida yake kwa mtu wa hapa ni kwamba mnaweza kuanza kukusanya bila kutoka mjini, maana Pullman Grand Karavia ni ya kundi hilo. Mwanachama wa ngazi ya kwanza anapata pointi 25 kwa kila euro 10 kwenye hoteli za aina ya Pullman, yaani bili ya euro 800 inazaa zile euro 40. Kwa semina na chakula cha mchana cha wageni wa kampuni, ulizeni hoteli kwanza kama vinahesabiwa na kwa kiwango gani. Nairobi mtazitumia Fairmont The Norfolk, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1904, au Mövenpick ya Westlands. Angalizo: pointi haziji kwa chumba kilichokatwa kupitia Booking.com au Expedia. Kateni kwenye programu ya hoteli yenyewe. Na mkipitisha siku 365 bila kulala kwenye hoteli yao, pointi zinafutwa.

Aliyekusanya Marriott Bonvoy kwa safari za kazi za Johannesburg au Lusaka, kwenye hoteli za Protea, hali yake ni nyingine. Bei ya vyumba kwa pointi inabadilika kila siku, kwa hiyo ile hesabu ya kugawanya irudiwe. Mke na mume wanaweza kupeana pointi bila malipo, hadi 100,000 kwa mwaka. Ukikata usiku tano mfululizo kwa pointi, unalipa wa nne tu na mmoja ni bure. Kwa siku tatu sahauni hilo, msirefushe safari ili kukimbiza zawadi.

Kununua maili kwa pesa tunashauri pale tu zinapopungua elfu mbili tatu kufikisha tiketi.

Kutafuta viti viwili

Kampuni huachia viti vichache vya maili kwa kila ndege. Ukitafuta viti viwili na mashine ikasema hakuna, tafuta kimoja. Mara nyingi kimoja kipo. Hapo mmoja anakwenda kwa maili, mwingine kwa pesa, ndege ileile. Mwenye tiketi ya pesa awe yule ambaye akaunti yake iko karibu kufika, kwa kuwa tiketi ya maili haizai maili nyingine. Kisha pigeni simu au mwende ofisi ya kampuni waunganishe namba zenu mbili za kukatia nafasi, ili ndege ikibadilishwa saa msitenganishwe.

Jumanne na Jumatano viti hupatikana kuliko Ijumaa na Jumapili. Likizo za shule na wiki mbili za mwisho wa mwaka ni ngumu. Kalenda za kampuni nyingi hufunguliwa kama miezi 11 kabla. Mwenye tarehe isiyosogea, kama kumbukumbu ya ndoa, aanze kutazama mapema hivyo.

Nairobi tunaipendekeza kwanza kwa sababu za wazi. Iko kama kilomita 1,550 kutoka kwetu, saa yake inatutangulia kwa moja tu, na Kiswahili chenu kitafanya kazi, ingawa watawacheka kidogo. Mwenye maili za ShebaMiles ahesabu pia Addis yenyewe, kwani kwenda Nairobi kupitia Addis ni kuzunguka. Johannesburg ina hoteli nyingi zaidi za pointi, lakini inadai viza. Afrika Kusini ina konsula Lubumbashi, hata hivyo msikate tiketi isiyorudishwa kabla viza haijabandikwa.

Kulipa ada kwa kadi

Ada za tiketi hulipwa kwenye intaneti na benki hutuma namba ya siri kwa SMS. Mambo matatu hukwamisha: kadi haijafunguliwa kwa malipo ya intaneti, SMS inakwenda kwa namba ya zamani, au kiasi kilichomo kinalingana sawasawa na bei bila nafasi ya gharama za benki. Pitieni benki wiki moja kabla, na muache dola 20 za ziada ndani ya kadi.

Hotelini kuna mtego mwingine. Mkifika, mapokezi watashika pesa kwenye kadi kama dhamana, hata kama chumba kimelipwa kwa pointi. Kwenye kadi ya kujaza pesa, kiasi hicho kinaweza kuchelewa siku nyingi kurudi. Waulizeni kwa barua pepe kama wanapokea dhamana ya pesa taslimu, na kwa barua hiyohiyo wajulisheni kama ni fungate au kumbukumbu ya ndoa. Chumba cha juu hakiahidiwi, lakini asiyesema hapati. Majina yenu mawili yawe kwenye chumba, na chai ya asubuhi ihesabiwe mbali: chumba cha pointi mara nyingi hakina.

Karatasi na mfuko

Pasipoti iwe na miezi 6 mbele na kurasa nyeupe. Kenya iliondoa viza kwa Wakongomani Septemba 2023, mwaka uliofuata ule tulioingia Jumuiya ya Afrika Mashariki; bado fungueni tovuti rasmi ya uhamiaji wa Kenya kabla ya safari msome kinachodaiwa kwa sasa. Kadi ya manjano ya homa ya manjano ni lazima: chanjo huhesabika baada ya siku 10, kwa hiyo aliyechanjwa juzi atarudishwa. Ikishachanjwa, ni ya maisha.

Maili hazigusi Go-Pass, ile ada ya uwanja wa ndege ya Kongo. Ni dola 50 kwa kila mmoja kwa safari ya nje, kwa hiyo dola 100 ziwekeni pembeni tangu siku ya kwanza ya hesabu.

Toeni sashe zote kwenye valizi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na msafiri anayeshuka nayo uwanjani anaiacha hapo. Franka zibaki nyumbani. Bebeni dola, noti za 100 na 50 zisizochanika wala kuandikwa. Noti ndogo hubadilishwa kwa bei ya chini.

M-Pesa ya Vodacom mliyonayo simuni si akaunti ya M-Pesa ya Kenya. Mkifika, nunueni laini ya Safaricom kwa pasipoti, mjaze shilingi. Dereva, mkahawa na hata muuza mahindi ya kuchoma watalipwa hivyo. Ile laini yenu ya Lubumbashi iacheni ndani ya simu na iwe imefunguliwa kupokea SMS nje ya nchi, la sivyo kadi haitalipa kitu kwenye intaneti.

Siku zenyewe

Msongamano wa magari ndio unaokula siku za Nairobi, kwa hiyo pangeni kwa upande wa mji. Siku moja yote iwe ya kusini. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117 ukingoni mwa mji, ingieni saa 12 asubuhi wakati simba bado wanatembea. Malipo ni ya mtandaoni, na muulize bei ya raia wa Afrika Mashariki mkiwa na pasipoti mkononi. Chupa za plastiki za kutupwa haziruhusiwi humo. Saa 5 hadi saa 6 nenda kwa watoto wa tembo wa Sheldrick, kituo kinacholea tembo yatima, ambako nafasi hukatwa siku nyingi kabla na milango hufungwa saa ikifika. Mchana Giraffe Centre ya Lang'ata iko jirani.

Siku ya pili ni ya mjini: Makumbusho ya Taifa, kisha msitu wa Karura kwa miguu. Ya tatu msiijaze. Kwenda uwanja wa ndege, barabara ya juu ya kulipia inayotoka Westlands huokoa muda mwingi jioni. Muulizeni dereva wa Uber au Bolt kabla hajaondoa gari kama ushuru wake umo kwenye bei.

Yule aliyekwenda kwa tiketi ya pesa atunze kipande cha kupandia ndege hadi maili zionekane kwenye akaunti. Zisipoingia ndani ya wiki mbili, fungueni fomu ya madai kwenye tovuti ya mpango na mwandike namba ya tiketi yenye tarakimu 13: ya Ethiopian huanza na 071, ya Kenya Airways 706, ya South African 083. Namba ya herufi sita ya kukatia nafasi haitoshi. Mipango mingi hupokea madai hadi miezi 6 baada ya safari.