Dada yako anaporudi kutoka kwenye ndoa iliyomuumiza

Siku ya tatu tangu dada arudi nyumbani, alinifuata jikoni akaniuliza kama anaweza kufungua dirisha. Dirisha lenyewe ni la chumba anacholala yeye na binti yake. Nikamjibu "fungua tu" huku naosha vyombo, wala sikugeuka. Majuma yalipita ndipo nikaelewa kwamba lile swali ndilo lililokuwa ugonjwa wenyewe. Kwa miaka 11 aliishi akiomba ruhusa: ya kutoka, ya kulala, ya kupiga simu, ya kucheka na jirani. Mtu wa namna hiyo haponi kwa kuhurumiwa tu. Anapona kadiri uamuzi wa mambo yake unavyorudi mkononi mwake, na ninyi mlio naye nyumbani ndio mnaoweza kuurudisha au kuukalia.

Naandika kwa ajili ya mama, dada, na mabinti wanaompokea mtu wao. Sisi tulikosea mengi.

Kabla ya machozi, usalama

Ndoa ikiwa ilikuwa na vipigo au vitisho, wakati wa kuondoka na miezi inayofuata ndio hatari zaidi, kwa sababu aliyezoea kutawala anaona anapoteza. Kwa hiyo juma la kwanza msilimalize kwa nasaha. Kaeni naye mpange. Nani anamchukua mtoto shuleni, na je, walimu wanajua nani haruhusiwi kumchukua? Vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho, vyeti vya shule viko wapi? Wekeni nakala kwa mtu asiyeishi nanyi. Nywila zote zibadilishwe, tena kwa kutumia simu ambayo mume hajawahi kuishika. Sisi tulibadilisha kila kitu tukasahau simu ya zamani aliyokuwa akichezea mtoto. Ilikuwa bado kwenye akaunti ya baba yake, na siku zote hizo ilikuwa inamwonyesha walipo.

Kuna mambo mawili ya hospitali ambayo hayasubiri. Kama aliwahi kukabwa koo siku za karibuni, apelekwe hata kama shingo haina alama, kwa maana mishipa ya damu inaweza kuwa imeumia ndani na madhara yakaja baadaye. Na mwanamume aliyewahi kumkaba mkewe koo ni wa kuogopwa kuliko wengine. Kukabwa ni mojawapo ya dalili kubwa kwamba anaweza kuua. La pili, kama aliingiliwa kwa nguvu, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28. Mwambieni hayo kwa upole, kisha mwacheni aseme nani aende naye.

Rudisheni uamuzi

Hapa ndipo tulipoharibu. Mimi na mama tulikuwa na mapenzi mengi na haraka nyingi. Tukamtafutia wakili. Tukamchagulia nguo za kwenda nazo. Tukapanga majirani waambiwe nini. Kila tulichosema alikubali, nasi tukafurahi kwamba anasikia. Hadi jioni moja, akiwa anakunja nguo za mtoto, akasema bila kuinua macho: "Kule nilikuwa naambiwa kwa makofi. Hapa naambiwa kwa upole. Lakini bado naambiwa."

Baada ya hapo tulibadili mwendo. Msianze na swali pana kama "unataka kufanya nini na maisha yako?" Mtu aliyezoea kupangiwa, swali kama hilo linamtisha. Anzeni na vitu vidogo vyenye njia mbili: ukae chumba hiki au kile, twende leo au kesho. Akisema "chochote tu", mpeni muda, msichague kwa niaba yake kwa haraka. Akichagua, hata kama mnaona amekosea, liacheni lisimame. Dada alichagua wakili ambaye mimi sikumpenda. Nilimeza maneno yangu.

Pesa nayo ni sehemu ya kidonda. Kila akirudi dukani alikuwa anaweka chenji mezani juu ya karatasi yenye hesabu, sarafu zimepangwa kwa ukubwa. Nilimwambia mara moja tu kwamba sihitaji hesabu. Sikurudia, maana kurudia nako ni amri. Karatasi ziliendelea kuja kwa miezi, kila moja fupi kuliko iliyotangulia. Awe na pesa yake, hata ikiwa kidogo, ambayo hakuna anayeuliza imekwenda wapi.

Na msiitishe kikao cha kuwapatanisha kwa sababu tu ndugu wanaona aibu. Palipokuwa na kipigo, mwanamke hawezi kusema kweli mbele ya aliyempiga, akijua kuna safari ya kurudi naye.

Maneno ya kuacha

"Kwa nini hukuondoka mapema?" Acheni. "Angalau una mtoto." Acheni. Na ule msemo tunaoupenda, yaliyopita si ndwele: ndwele ni ugonjwa, na kwa dada yangu yaliyopita yalikuwa ndwele hasa, yenye homa na kukosa usingizi. Yalihitaji kugangwa kwanza kabla ya yajayo.

Msimtukane mume pia. Hili ni gumu, mimi lilinishinda mara nyingi. Lakini kila nilipomtukana shemeji, dada alimtetea, kisha akanyamaza siku mbili. Aliwahi kumpenda. Kulikuwa na siku nzuri katikati ya zile mbaya, na ndizo zilizomshika. Siku moja nilimkuta analia kwa kumkumbuka, akaniomba radhi kwa hilo. Mwacheni alie. Kumkumbuka si dalili kwamba anataka kurudi, wala si upungufu wa akili. Isitoshe, mtoto anasikia, na yule mnayemtukana ni baba yake.

Semeni: nakuamini. Halikuwa kosa lako. Nipo. Kisha nyamazeni, hata kimya kikiwa kirefu.

Usiku

Mwili haujui kwamba hatari imekwisha. Dada alikuwa akisikia ufunguo ukizunguka kitasani anasimama wima, popote alipo, mikono imeshika kitu chochote. Tuliona jambo moja dogo likisaidia kuliko maelezo yote: kabla ya kuingiza ufunguo, nasema kwa sauti ya kawaida nikiwa nje, "ni mimi." Mama akaiga. Sasa nyumba nzima tunafanya hivyo, hata asipokuwepo.

Akiamka na jinamizi, usimguse ghafla. Washa taa, simama mlangoni, mwite jina, mwambie yuko wapi na leo ni siku gani. Aweke nyayo sakafuni. Ataje vitu vitano anavyoviona. Avute pumzi kidogo na kuitoa taratibu, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana huko kutoa pole pole ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo.

Majinamizi, kushtuka, kukwepa kila kinachomkumbusha, mambo haya yakizidi mwezi na kumzuia kuishi, hayo ni maradhi ya kiwewe. Madaktari wa akili wameyapa jina lake rasmi tangu mwaka 1980, na yana tiba: mazungumzo ya mpango maalumu na mtaalamu aliyefunzwa kutibu kiwewe. Si kila mshauri anaijua kazi hiyo, kwa hiyo aulizwe waziwazi. Na mkihofia kwamba anawaza kujiua, muulizeni kwa neno lenyewe. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa ziondolewe karibu naye, na mpate msaada wa hospitali siku hiyohiyo.

Mtoto, na mama yangu

Binti ya dada ana miaka tisa na alikuja akiwa mtoto mwema kupita kiasi. Hagombani, haombi kitu, anatandika kitanda kabla ya wote. Tulimsifu, kumbe alikuwa kazini. Usiku mmoja nilikwenda kumfunika nikaona viatu vyake viko kando ya mto, kamba zimelegezwa tayari kwa miguu kuingia.

Nilimwambia mchana wake, tukiwa wawili, kwa maneno machache: "Yaliyotokea si kosa lako. Kumlinda mama ni kazi yetu sisi wakubwa, wewe huna zamu." Akaniuliza, "Mama mdogo, hata usiku?" Nikasema hata usiku. Mtoto wa namna hii anahitaji saa ileile ya kulala na ukweli mfupi, na asitumwe kamwe kupeleka maneno kwa baba yake. Maumivu ya tumbo yasiyo na sababu na kukojoa kitandani ni lugha yake. Asiadhibiwe kwa hayo.

Habari ya viatu nilimsimulia mama. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Mimi vyangu nilikuwa naviweka dirishani."

Kabla ya baba yetu, mama aliolewa kwingine kwa miaka minne. Tulilijua hilo kama tarehe tu. Hatukuwahi kujua kulikuwa na dirisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono na mwenza wake, au ukatili wa kingono na mtu mwingine, kwa hiyo jiandaeni: jeraha la mmoja likifunguliwa, la mwingine ndani ya nyumba linaweza kuanza kuvuja. Msimlazimishe mzee kusimulia. Wala simulizi yake isilifunike la binti, kwa ule mtindo wa "mimi niliyapata makubwa zaidi."

Kwetu kulikuwa na deni pia. Mwaka wa pili wa ndoa yake, dada alikuja na begi. Mama akamwambia avumilie, akamrudisha. Sasa akaenda chumbani kwake, akasimama, akasema: "Ulikuja nikakurudisha. Nilikosea." Hakuongeza "lakini". Hakueleza alivyolelewa wala alivyoogopa. Anayeomba radhi ndani ya familia aombe hivyo, ataje alichofanya kisha akome.

Dada hakujibu. Majuma mawili alizungumza na mama kwa salamu tu. Nilitaka sana kuingilia kati, nikaanza hata kumwambia dada mama amezeeka. Nilifanya vibaya, nilikuwa namwondolea tena uamuzi. Siku moja nikawakuta wanakunja shuka pamoja, kila mmoja ameshika ncha zake, hawasemi kitu. Nikapita.

Dada anaendelea na mtaalamu wake kila juma. Mama hataki kwenda. Nimemuuliza mara mbili na sitamuuliza ya tatu. Viatu vya mtoto viliondoka kando ya mto miezi mingi iliyopita, sasa viko uvunguni. Vyetu vinakaa pamoja mlangoni. Hatujamwambia avihamishe.