Kupanda mikoko kijijini: kila aina mahali pake

Vikundi vingi vya pwani hupanda ile aina ya mikoko iitwayo mkoko peke yake, kwa sababu mbegu zake ndefu huokotwa kwa urahisi na huchomekwa topeni bila kupita kitaluni. Msitu unaopatikana huwa wa aina moja tu, ilhali kila aina ya mikoko ina kazi yake: mlilana, ambao popo hufuata maua yake usiku, haufanyi kazi ya mchu unaowalisha nyuki, wala mchu hauchukui nafasi ya mkoko, ambao mizizi yake huwaficha kamba na samaki wachanga.

Hatua ya kwanza: soma eneo

Maji yakipwa, tembeeni pamoja na wazee kutoka baharini kuelekea nchi kavu, mkitazama visiki na miti iliyosalia. Kwa kawaida mlilana husimama mbele kabisa, ukifuatwa na mkoko na muia, kisha mkandaa, na kikandaa huwa nyuma karibu na nchi kavu. Mchu ni mkaidi: hustawi nyuma, na pengine huonekana tena mbele.

Ulizeni pia kwa nini miti ilikufa. Ikiwa tuta au barabara imeziba mkondo, fungueni mkondo kwanza, kwani mara nyingi mbegu zinazoletwa na maji hujiotea zenyewe. Msipande juu ya nyasi bahari wala mahali ambapo mikoko haikuwahi kuota. Kikundi chetu kilipuuza jambo hilo mara moja, kikapanda mkoko kwenye mchanga ulio wazi, na pepo za kusi zilipovuma hatukubakiwa na mche hata mmoja.

Hatua ya pili: pateni idhini

Mikoko husimamiwa na serikali. Nchini Kenya onaneni na KFS (Huduma ya Misitu Kenya), na Tanzania Bara na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kisha kubalianeni na wavuvi wanaoegesha vyombo hapo.

Hatua ya tatu: mbegu na kitalu

Chukueni mbegu katika miti yenye afya iliyo karibu. Mbegu ya mkoko imekomaa pale pete ya njano inapotokea kati yake na tunda, nayo huachia kwa urahisi ikiguswa. Tupeni zenye matundu ya wadudu. Zilizobaki zilazeni kivulini kwa siku chache, kwa sababu kaa huzipenda zaidi zikiwa mbichi.

Mbegu za mchu ni ndogo, na huhitaji kulowekwa usiku mmoja ili ganda lake jembamba litoke, kisha kuoteshwa katika viriba vyenye tope la hapo hapo, mahali ambapo maji hufika yanapojaa. Mlilana ndio unaosumbua zaidi, maana mbegu zake ni ndogo mno na hupotea kirahisi. Ni afadhali kung'oa kwa kiasi miche iliyosongamana chini ya mti mama, kila mmoja pamoja na tope la mizizi yake.

Hatua ya nne: siku ya kupanda

Pandeni mara baada ya bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana), maji yanapopungua siku hadi siku kuelekea maji mafu (siku ambazo hujaa na kupwa kidogo), ili miche ipate takriban wiki moja ya utulivu kabla maji hayajapata nguvu tena. Sehemu za juu, ambazo huweza kukaa siku kadhaa bila kufikiwa na maji, zisubiri mvua za masika. Chomekeni theluthi moja ya mbegu ya mkoko topeni, ncha iliyochongoka ikiwa chini (wageni wengi huichomeka kichwa chini miguu juu, kwa hiyo mwonesheni kila mmoja), na acheni nafasi ya mita moja hivi. Mistari iliyonyooka haina ulazima wowote.

Hatua ya tano: ulinzi na hesabu

Ondoeni mwani na takataka zinazolalia miche, na zuieni mbuzi, ambao hupenda sana majani ya mchu. Hesabuni baada ya miezi 3, 6 na 12, mkiandika kila aina katika safu yake. Pengo likijazwa na mche uliojiotea wa aina nyingine, msiung'oe ili kupanda mkoko wenu. Uandikeni pamoja na mingine.