Ukitaka Kuhifadhi Mashine ya Zamani ya Kubangua Korosho

Kabla hujashika spana, shika mafuta ya nyonyo. Paka mikono mpaka viwikoni, kisha vaa glavu za mpira juu yake. Kina mama wabanguaji wa hapa Mtwara hawahitaji kuelezwa: mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi, na yale yaliyogandia ndani ya mtambo tangu miaka ya 1980 usiyaamini. Moto wa gesi usiusogeze kabisa. Moshi wa mafuta hayo yakiungua unakwenda machoni na kifuani.

Nazungumzia mitambo ya Italia na Japani iliyofungwa kwenye viwanda vyetu wakati Serikali ilipotaka korosho ibanguliwe hapahapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na viwanda 12, vingi vikiwa huku kusini: Likombe, Newala, Masasi, Mtama, Lindi. Bahati mbaya mavuno yalishaanza kuporomoka, kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 msimu wa 1986/87. Majengo yakageuzwa maghala, na mashine nyingine zikaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Ninayoitunza mimi ni ya visu. Cheni inaleta korosho moja moja, visu viwili vilivyochongwa kufuata umbo lake vinakata ganda kuizunguka, halafu pini inaingia kwenye mkato na kulipindua ganda lifunguke. Aliyeiwaza alikuwa na akili sana. Taabu ni kwamba korosho hazilingani. Hata zikishachambuliwa kwa ukubwa, moja ina ganda nene na mwenzake jembamba, lakini kisu kinazama kina kilekile. Kiini kinakatwa, na kiini kilichokatwa hakina bei ya kizima. Daraja la sokoni la W320, kwa mfano, ni la viini vizima vyeupe, 300 hadi 320 kwa ratili.

Kwa hiyo mafundi wakiiona, mkono unawawasha: wanataka kunoa visu, kuongeza springi, kubadilisha pini. Wakatalie. Anayetaka mashine inayofanya kazi vizuri akanunue mpya. Hii tunaitunza ilivyo, na kasoro yake.

Piga picha kila upande kwanza. Kila kinachofunguliwa kifungwe kipande cha bati chenye namba, maana karatasi italiwa na oili. Vumbi litoe kwa brashi laini. Ukikuta utando mweusi mgumu unaong'aa kwenye fremu, uache. Ni yaleyale mafuta ya ganda, yamekauka yakawa kama vanishi, na viwandani hutumika kutengenezea rangi na bitana za breki. Pale yalipogandia chuma kimebaki salama. Kutu utaikuta palipokuwa wazi.

Utando utoe kwenye vinavyozunguka tu: cheni, beringi na ekseli. Funika kwa matambara yaliyolowa mafuta ya taa, ulale, asubuhi ukwangue kwa kipande cha mwanzi. Cheni ivue, uiloweke kwenye ndoo ya dizeli na oili chafu, kila siku ukikunja kiungo kimoja kimoja mpaka vyote vilegee. Nyundo weka mbali. Chuma cha kalibu hakipindi, kinapasuka.

Kwa tulio karibu na bahari, Shangani au Mikindani, chumvi ndiyo adui mkubwa. Futa chuma kilicho wazi kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, kausha juani, na upake grisi siku hiyohiyo. Inua mashine juu ya magogo isikae kwenye sakafu. Usiifunge kwa nailoni, itatoka jasho masika yote. Tarubai iliyoachia hewa chini inatosha. Mota usiiwashe, waya zake huenda zimeshaguguniwa na panya.

Wageni wakija, zungusha puli kwa mkono, watoto wakiwa mbali na visu. Tumia korosho zilizokwisha kukaangwa kwenye maganda, za ukubwa tofauti. Ya kwanza huenda ikatoka nzima na watu wakapiga makofi. Endelea mpaka itoke iliyokatwa, uiweke kwenye sahani pamoja na ganda lake waone kisu kilipopita. Wakishazishika, wanawe kwa sabuni kabla hawajajigusa macho.